Shikamoo Katika Pima Mia Mbili

Tulimwacha Fundi Selestini amechuchumaa nyuma ya mashine yake Kaa, nati ya mwisho imekaza, anapiga mluzi kama mtu aliyekwisha kushinda. Mluzi ulikatika. Mkewe Eufrasia aliingia karakanani mbio, ndoo ya dagaa ameiacha njiani, akapaza sauti iliyosikika mwalo mzima wa Katonga.

"Baba Recho, tumekwisha!"

Najua mmekaa juma zima mkijiuliza wamekwisha na nini. Msomaji mmoja wa Mwandiga ameniandikia kwamba bila shaka yule Martini wa Ujiji ameiba mashine. Ndugu yangu, tulia. Ingekuwa wizi tungeita mgambo, tukaenda kulala. Hili lilikuwa baya zaidi.

"Tumekwishaje?" Selestini aliuliza.

"Njia imeshapimwa kule Kidahwe. Jana jioni."

"Si ndivyo tulivyokubaliana? Pima mia mbili, kuanzia kwenye kalavati kuelekea Kasulu. Wamepima, basi, vizuri."

"Niulize kapima nani."

"Haya, kapima nani?"

"Mzee Mwinshehe."

Spana ilimponyoka Selestini, ikamwangukia kidole gumba cha mguu. Wala hakuisikia.

Wewe uliyeazima gazeti kwa jirani leo, na hujui mtu anaangushaje spana kwa jina la mzee wa watu, sogea nikuambie upesi. Pima ndiyo kipimo cha kamba na nyavu huku kwetu ziwani. Mtu ananyoosha mikono yote miwili, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, hiyo moja. Mita waachie watu wa shule. Mzee Mwinshehe wa Ujiji ameuza kamba kwa pima miaka thelathini, na hajamdhulumu mtu hata siku moja. Ila Mungu alimpa mikono mifupi. Wavuvi wenye akili humsubiri aende kuswali adhuhuri, wakanunua kamba kwa mwanawe wa kwanza, ambaye ni mlingoti wa mtu.

Selestini naye ni mrefu. Alipoambiwa pima mia mbili, alinyoosha mikono yake mwenyewe palepale karakanani, akapiga hesabu, akaona njia ni ndefu. Kwa njia ndefu akaifunga mashine gia ndefu.

"Nani kamchagua Mwinshehe?" alifoka.

"Martini. Alisema atafutwe mtu mwaminifu asiye na upande. Nani angekataa?"

"Mtoto wa nyoka yule!"

"Uliyemfuga wewe," alisema Eufrasia.

Hapo alisema kweli. Martini alifika karakanani pale akiwa na miaka kumi na miwili, hana viatu. Selestini alimfundisha kila nati na kila boliti, akamlisha miaka minane, akamnunulia hata suruali ya kipaimara. Kisha kijana akahamia Ujiji, akafungua karakana yake, asiage. Hilo Selestini alilimeza. Lililomkaba ni la Jumatatu ya Pasaka, mbele ya soko zima, Martini alipompita mikono mfukoni akamwambia, "Mambo vipi, Sele?"

Sele! Si Shikamoo, si Fundi. Sele! Selestini hakula siku mbili, na ile siku ya pili Eufrasia alimsikia akilia chooni.

Ndipo lilipozuka dau. Shirika moja la wakimbizi lilifunga ofisi mwaka ule wa tisini na tisa, likaacha pikipiki mbili za magurudumu manne, mapacha watupu, injini ileile, umri uleule. Wavuvi wa Katonga walipata moja wakaiita Kaa. Wa Ujiji wakapata ya pili wakaiita Kiboko. Zishindane mara moja tu, na fundi atakayeshindwa atamwamkia mwenzake Shikamoo kila asubuhi, mwaloni, watu wakisikia, kwa mwaka mzima. Mtu wa miaka arobaini na saba amwamkie mtoto wa ishirini na miwili! Selestini alikubali kabla hajamaliza kuambiwa.

Mbio zenyewe zilikuwa siku hiyohiyo ya spana kuanguka, saa kumi jioni.

Juu ya kreti la soda alikaa Mzee Ntahomvukiye, anakunywa uji, hana haraka. Huyu alikimbia Burundi mwaka wa tisini na tatu. Kwao Rumonge alikuwa akitengeneza pikipiki za mashindano, na sasa anaishi kambini, kilomita thelathini na tano mbele ya Kidahwe. Alipewa kibali cha kutoka kwa siku moja, kina muhuri, mwisho saa kumi na mbili jioni, naye alikificha ndani ya kofia. Lori la kambini lililomleta alfajiri ndilo lingepita Kidahwe kumchukua. Akikosekana langoni saa kumi na mbili, hapati kibali kingine, na karakana ya Selestini ataiona kwenye ndoto.

"Mwana wanje," alisema, "nilikutumia salamu. Nikasema kaione njia kwanza. Uliiona?"

"Sikuiona, Mzee. Njia ni njia."

"Oya, hapana. Sasa umefunga meno ya nini?"

Alishuka kwenye kreti, akagusa sproketi ya nyuma, ile sahani kubwa yenye meno inayovutwa na cheni. "Nyuma thelathini na sita. Mbele kumi na matatu. Kaa ataondoka mzito, mwendo wake mzuri utakuja mwishoni. Kwa mikono yako ni sawa kabisa. Kwa mikono ya Mwinshehe, kanga ya kumalizia mbio itakuwa imeshapita na mwendo bado uko njiani."

"Na Martini?"

"Martini anajua njia ni fupi. Atafunga arobaini na mawili nyuma. Gia fupi. Atatoka kama mbuzi aliyekata kamba."

"Mzee, hebu nieleweshe mimi," Eufrasia alidakia. Alikuwa na haki ya kuuliza, kwa maana ndiye dereva. Selestini ana kilo tisini na mbili, yeye hamsini na moja, na mashine haijui heshima ya ndoa. "Gia nzuri ni ipi?"

"Ile inayoishiwa pumzi palepale mstarini. Ikiishiwa kabla, utapiga kelele na mwenzako anakupita. Isipoishiwa, umerudi nyumbani na nguvu ambayo hukuitumia."

"Basi tufunge arobaini na mawili!" alisema Selestini.

"Unayo?"

Hakuwa nayo. Kigoma nzima ilikuwapo moja tu, na Martini alikwisha kuinunua.

Mzee Ntahomvukiye alikuna kidevu. "Jino moja la mbele ni kama matatu ya nyuma. Tukipata sproketi ndogo ya mbele, ya meno kumi na moja, tunamkamata."

"Ninayo!" Selestini aliruka. "Ilitoka kwenye pikipiki ya katekista, ile iliyokufa!"

"Iko wapi?"

Selestini alijikuna kisogo.

"Nilimpa mtu. Ameifunga kwenye ncha ya kamba ya kupimia kina, iwe chubwi la kuzamisha."

"Nani?"

"Mzee Mwinshehe."

Eufrasia alicheka mpaka akakaa chini.

Njia nzima ya kwenda Ujiji Selestini aliyapanga maneno matamu. Eufrasia alimsikiliza, akamsahihisha, akamkumbusha asisahau kuuliza hali ya nyumbani. Walipoingia dukani kila kitu kilikuwa tayari kichwani. Kisha akamwona Mzee Mwinshehe ananyoosha mikono kumpimia mteja kamba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Selestini. Umefuata kamba?"

"Nimefuata haki! Mikono hiyo ya kitoto ndiyo ya kupimia njia ya watu wazima?"

Mteja aliangalia ndala zake. Mzee Mwinshehe aliishusha kamba polepole.

"Mikono yangu?"

"Pima mia mbili zako kwa mwanamume mwingine ni mia na hamsini na kitu! Si ndiyo maana Martini kakuchagua?"

"Yaani mimi nimedhulumu?"

"Sijasema umedhulumu..."

"Umesema. Na mteja kasikia."

Eufrasia alimfinya mumewe ubavuni kwa nguvu zote, kisha akapiga goti yeye. "Baba, msamehe. Hilo dau limempanda kichwani, hata usingizi hapati. Sisi tumekuja kuomba lile chubwi tu. Ni sproketi, tunaihitaji leo."

Mzee Mwinshehe alimtazama mwanamke yule, akapoa kidogo. Akavuta kamba yake ndefu, akafungua fundo lililokaa miaka mitano, akamkabidhi kile chuma.

"Chukua, binti yangu. Mlinipa bure, nawapa bure. Lakini neno la mumeo nimelisikia."

"Lisahau, Mzee wangu," alisema Selestini, bila kuinua macho. Alikuwa anahesabu meno.

"Neno kama hilo halisahauliki. Linarekebishwa."

Msomaji wangu, wewe umelisikia hilo. Selestini hakulisikia. Alikwisha kufika kumi na moja, anatabasamu, na kufumba na kufumbua yuko nje anamhimiza mkewe.

Kule Katonga walitoa ile ya kumi na matatu wakaiweka juu ya benchi, wakafunga ya kumi na moja, wakaivuta ekseli nyuma ili cheni ikaze. Mzee Ntahomvukiye aliizungusha kwa mkono, akasikiliza kwa sikio moja, akakubali kwa Kirundi chake, "Ego." Lakini alipopanda gari la kwenda Kidahwe alisema tena, kwa upole, "Njia bado hatujaiona."

"Mzee, sasa tunajua ni fupi! Tunaiona ya nini?"

Kidahwe ilijaa. Watu walishuka kutoka Kalinzi kwa baiskeli na kwa miguu, wengine na mashada ya ndizi, wakidhani ni mnada. Mbio za saa kumi hazikuanza saa kumi, maana Kiboko alichelewa, kisha ng'ombe wakapita, kisha diwani akataka kuhutubia. Ilifika saa kumi na moja kasoro dakika kumi ndipo mashine mbili zilipopangwa kwenye kalavati. Mzee Mwinshehe alisimama pembeni na filimbi yake, hamwangalii mtu. Mbele kabisa, mbali, kanga nyekundu ilipepea juu ya mti.

Martini mwenyewe ndiye alikuwa dereva wa Kiboko. Alivaa miwani ya jua.

"Mambo vipi, Sele? Umeshafanya mazoezi ya kuamkia?"

Watu wakacheka. Selestini alihisi masikio yanaungua. Kisha Martini akageukia upande wa pili, akamwona Eufrasia juu ya Kaa, na sauti ikashuka yenyewe. "Shikamoo, Mama Recho."

"Marahaba, mwanangu. Leo utakula vumbi langu."

Filimbi ililia.

Mama yangu! Kaa alitoka kama aliyepigwa teke. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, Eufrasia kalala juu ya usukani, kanga ya kichwani imeruka. Kiboko alikuwa sambamba, kisha nusu nyuma, kisha nyuma kabisa. Kilo hamsini na moja zilikuwa zinafanya kazi. Selestini alirukaruka, akamkumbatia mtu asiyemjua.

"Anashinda! Mzee, anashinda! Ameupita mstari!"

Kwa kweli kulikuwa na mstari wa chokaa barabarani, na Eufrasia aliuvuka kwanza, mashine nzima mbele ya Kiboko. Ila hakuna aliyeshangilia pale. Hakuna aliyesimama pale. Watu wote walikuwa mbele zaidi, chini ya kanga nyekundu.

"Ule ni mstari wa jana," sauti ilisema pembeni.

Selestini aligeuka. Mzee Mwinshehe alikuwa anaifuta filimbi kwa shati.

"Wa jana? Una maana gani?"

"Ulisema mikono yangu ni ya kitoto. Mlipoondoka nikafunga duka, nikamleta mwanangu wa kwanza huku, akapima upya. Pima mia mbili za mwanamume. Ndiyo haki uliyoitaka."

Mdomo uliponza kichwa, jamani! Kule mbele Kaa alikwisha kuishiwa pumzi. Gia ya tano, mafuta mpaka mwisho, injini inalia kama mbuzi wa Idi, na mwendo hauongezeki hata chembe. Kiboko naye alikuwa analia, gia yake ilikuwa fupi vilevile. Lakini ilizidi ya Kaa urefu kidogo, kiasi cha unywele, na kwa kipande kile kilichoongezwa unywele ulitosha. Alikuja, akafika ubavuni, akasogea. Chini ya kanga nyekundu alitangulia kwa shubiri moja.

Ujiji wakalipuka.

"Ungeacha gia yako ya asubuhi," alisema Mzee Ntahomvukiye, "sasa hivi mkeo angekuwa amefika zamani, anakunywa maji."

"Usiniambie, Mzee."

"Sikuambii. Nasema tu."

Selestini alitembea pima zote mia mbili kwa miguu. Ndiyo mara ya kwanza aliiona njia ile, na aliiona yote, kila jiwe. Honi ya gari ililia nyuma yake, watu wakapisha wakishangilia, hakugeuka. Eufrasia alikuwa amekaa juu ya Kaa, uso wote vumbi, mistari miwili ya machozi imechora mashavuni.

"Nisamehe, Baba Recho."

"Wewe hukukosea kitu, Mama Recho. Umekimbia vizuri mno. Nimekosea mimi."

Kisha akamkabili Martini. Kijana alikuwa amebebwa mabegani na watu wa Ujiji, na walipomwona Selestini anavua kofia, wakamshusha. Wazee wawili wa Kalinzi waligeuza nyuso pembeni, maana kuna mambo mtu mzima hapendi kuyaona.

"Dau ni dau," alisema Selestini. "Shi..."

"Usiseme!"

Martini alikuwa ameshapiga magoti, miwani ya jua imeanguka. "Fundi, usiniapize! Nakuomba!"

"Nimeshindwa mbele ya watu. Nalipa."

"Nilimjua Mzee Mwinshehe na mikono yake! Nilimchagua makusudi, ili nikunyoe. Na Pasaka ile... nilikuwa na wenzangu, nikataka wanione mkubwa. Usiku sikulala. Nikaona aibu kukurudia, nikazidisha ujeuri. Mtu aliyeninunulia suruali ya kipaimara akiniamkia, mimi nitaishi kweli? Shikamoo, Fundi. Haya, nimesema mimi, watu wote wamesikia. Shikamoo!"

Selestini alisimama, kofia mkononi. Neno lililotakiwa ni moja, na kila mtu alikuwa analisubiri. Alimwona yule mtoto asiye na viatu, anashika spana kwa mikono miwili, na machozi yakamjaa machoni.

"Samahani," alisema Mzee Ntahomvukiye, aliyekuwa amefika polepole akihema. "Lile gari lililopiga honi sasa hivi, lilikuwa gari gani? Umati ulinizuia kuona."

Watu waliangaliana. Mmoja alisema, "Si lile lori la kambini? Tulidhani dereva anashangilia."

Mbali, barabara ya Kasulu, vumbi lilikuwa linashuka. Mzee alivua kofia yake, akatoa kibali, akakitazama muhuri.

"Yampaye inka," alimaka kwa Kirundi, kwa sauti ndogo.

"Saa ngapi?" Eufrasia aliuliza.

Mzee Mwinshehe alitazama saa yake. "Saa kumi na moja na dakika tano."

Dakika hamsini na tano. Kilomita thelathini na tano, na milima yake. Gari lililowaleta lilikwisha kurudi mjini, na la diwani liliondoka mara tu baada ya hotuba.

"Panda Kaa, Mzee!" Eufrasia alikanyaga gia. "Twende!"

"Hamfiki," alisema Selestini. "Kwa meno hayo, watu wawili, injini itapiga kelele mpaka ipasuke, na hamjafika hata nusu. Inatakiwa gia ndefu. Inatakiwa ile ya kumi na matatu."

"Iko wapi?"

"Katonga. Juu ya benchi."

Selestini alishika kichwa. Mzee mzima yule alikuja siku nzima kwa ajili ya dau lake la kijinga, akaonya mara mbili asisikilizwe, na sasa Mzee ndiye wa kulipa.

"Kumi na matatu ninayo mimi," sauti ilisema kutoka chini.

Martini alikuwa amelala chali kwenye changarawe kando ya Kiboko, mashine iliyoshinda, ambayo bado ilikuwa ya moto. Nati ya kwanza ilikuwa tayari mkononi mwake. Watu wa Ujiji walianza kunung'unika, hakuwajali.

"Kuihamishia kwa Kaa, mtu mmoja ni nusu saa," alisema. "Tukiwa wawili ni dakika kumi na mbili, Fundi, ulinifundisha mwenyewe. Lakini hata Shikamoo yangu hujaiitikia."

Selestini alijilaza chini kando yake, kilo zote tisini na mbili.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Lete spana."